Mkono wa mtoto umelegea tangu kuzaliwa: maswali tunayoulizwa kwenye benchi la mazoezi, Moshi

Nafanya kazi ya mazoezi tiba hapa Moshi. Haipiti wiki bila mama kuketi kwenye benchi letu akiwa amefunika mkono wa mtoto kwa kanga, na swali lake la kwanza ni lile lile: atapona? Jibu fupi ni kwamba wengi hupona, baadhi hupona nusu, wachache hubaki na mkono dhaifu kabisa. Jibu refu liko kwenye kalenda ya ukutani kwako, na nitalirudia mpaka unichoke: ni tarehe gani mtoto ameanza kukunja kiwiko mwenyewe? Majibu haya nimeyaandika kama ninavyoyasema pale benchini. Hayachukui nafasi ya kumpima mtoto, maana kwa maandishi siwezi kuushika mkono wake.

Ni kitu gani hasa kimeumia?

Neno letu "mshipa" limebebeshwa mizigo mingi. Kuna mishipa ya damu, kuna mishipa ya fahamu, na kuna wazee ambao ukiwaambia mtu ana mshipa wanaelewa ngiri. Hapa tunazungumzia mishipa ya fahamu, yaani neva, zinazotoa amri kwenye uti wa mgongo na kuipeleka kwenye misuli. Neva za mkono huanza na mizizi mitano shingoni, hupita nyuma ya mtulinga, husukana karibu na kwapa kama ukili, halafu huachana tena kwenda begani, kwenye kiwiko na vidoleni.

Mtoto anapozaliwa, kichwa kikitoka na bega likakwama nyuma ya mfupa wa kinena wa mama, kichwa kinakwenda huku na bega linabaki kule. Neva zilizo katikati huvutika kupita kiasi. Hutokea kwa mtoto mmoja hadi wawili hivi katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, na mkono wa kulia huumia mara nyingi zaidi kuliko wa kushoto.

Aina tunayoiona zaidi huumiza mizizi miwili ya juu. Inaitwa kwa jina la daktari wa Kijerumani, Wilhelm Erb, aliyeieleza mwaka 1874. Mkono hulala ubavuni, kiwiko kimenyooka, kiganja kimegeukia nyuma na vidole vimekunjwa kidogo, kama mtu anayepokea kitu kidogo bila kutaka kuonekana. Ukishauona mara moja hutausahau.

Zimekatika au zimevutika tu?

Chukua kamba ya mgomba uivute. Ukivuta kidogo inarefuka na kurudi. Ukizidisha, nyuzi za ndani hukatika huku ganda likishikilia. Ukizidisha tena inakatika yote, na kwa neva sehemu hiyo hufanya kovu gumu kama fundo linalozuia njia. Namna ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote: kamba haikukatika katikati, imeng'oka kwenye shina. Neva iliyong'oka kwenye uti wa mgongo hairudi yenyewe.

Shida ni kwamba siku ya kwanza hali hizi zote zinafanana. Mkono umelala tu. Ndiyo maana daktari mwaminifu hawezi kukuapia lolote siku ya pili wodini, awe anakutuliza au anakutisha.

Kwa hiyo tutajuaje kama atapona?

Kwa kuangalia misuli inarudi lini, na kwa mpangilio gani.

Mtoto anayeanza kuinua bega na kukunja kiwiko ndani ya mwezi wa kwanza, mara nyingi ni wale waliovutika kidogo. Huyo tunamfuatilia kwa amani. Anayeweza kukunja kiwiko dhidi ya uzito wa mkono wake kufikia miezi miwili, tunatarajia apone kabisa au karibu kabisa, ingawa bega linaweza kuchukua mwaka mmoja au miwili kukamilika. Anayefikisha miezi mitatu bila kukunja kiwiko hata kidogo, huyo hatuwezi kumwachia Mungu na mazoezi peke yake. Anatakiwa aonwe na daktari bingwa wa upasuaji anayezijua neva za watoto, na aonwe mapema.

Vitabu vya zamani vilisema watoto tisa kati ya kumi hupona kabisa. Watoto walipoanza kufuatiliwa hadi umri wa shule, picha ikabadilika: kati ya 20 na 30 katika kila 100 hubaki na upungufu fulani. Kwa wengi wao ni mkono usiofika juu kabisa ya kichwa, au kiganja kisichogeuka vizuri kutazama juu. Mkono mlegevu kabisa ni wa wachache.

Jinsi ninavyopima ni rahisi kuliko unavyodhani. Juzi nilikuwa na binti wa wiki kumi. Nilimlaza chali, nikaushika mkono mzima kwa upole usije ukasaidia, nikatikisa rundo la funguo upande wa ule mgonjwa. Macho yalifika kwanza. Kisha vidole vikafunguka, kigasha, yaani sehemu ya kiwiko hadi kiganja, kikatetemeka, kikainuka kwenye kanga kama sentimita tatu, kikaanguka. Mama yake alidhani nimesikitika kwa kuwa nilinyamaza. Nilikuwa nasubiri arudie. Alirudia mara mbili, nikaandika tarehe kwenye kadi kwa herufi kubwa.

Kwa watoto wa miezi tisa hivi tunatumia biskuti. Unaushikilia mkono wa juu ubavuni, unampa biskuti, unaangalia kama ataifikisha mdomoni bila kuinamisha kichwa sana kuifuata. Wengine wana akili: wanahamishia mkono mzima. Hilo si kosa, ila halihesabiki.

Tuliambiwa tusubiri mwaka mzima. Tumekosea?

Jibu hilo la "subirini tu" linanikera, na nimekuwa nikilisikia kwa miaka mingi. Kusubiri si kosa, maana miezi ya kwanza matibabu kwa sehemu kubwa ni kusubiri. Kosa ni kusubiri bila kupima. Neva inayoota upya husogea kama milimita moja kwa siku, sentimita tatu kwa mwezi ikiwa na bahati. Huwezi kuiharakisha kwa dawa wala kwa maombi ya kukesha. Lakini msuli nao hausubiri milele: ukikaa mwaka mmoja na nusu hivi bila neva, unaanza kupoteza uwezo wa kuipokea hata ikifika. Ndiyo maana upasuaji wa neva, kwa mtoto anayeuhitaji, kwa kawaida hufanywa kati ya miezi mitatu na tisa. Ukija na mtoto wa miezi kumi na minne kwa mara ya kwanza, nitakupokea na kukufundisha, ila mlango mmoja utakuwa umeshafungwa, na si wewe uliyeufunga.

Ushauri wangu: mtoto aonwe na mtu wa mazoezi ndani ya wiki mbili za kwanza. Kama akifika mwezi mmoja mkono haujawa sawa, omba rufaa kwa daktari bingwa. Usiogope kuiomba.

Dalili gani zinasema tusisubiri hata hiyo miezi mitatu?

Kiganja na vidole navyo vimelegea kabisa, mkono mzima kama kitambaa. Kope la upande ule limeshuka na mboni ya jicho ni ndogo kuliko ya pili, jambo linaloashiria kwamba mizizi ya chini imeng'oka karibu na uti wa mgongo. Mtoto anapumua kwa shida au haraka, kwa kuwa neva ya kiwambo, msuli wa kupumulia, inatokea jirani na hizi. Ya mwisho hiyo ni ya kwenda hospitali leo. Hizo mbili za kwanza ni za rufaa wiki hii.

Labda ni mfupa? Au polio? Au mtindio wa ubongo?

Mfupa, inawezekana. Mtulinga huvunjika kwa njia ile ile bega linapokwama, na mtoto hauchezeshi mkono kwa sababu unauma. Picha ya eksirei huonyesha, na mtulinga wa mtoto mchanga huunga ndani ya wiki chache. Wengine wana vyote viwili.

Polio hapana, mtoto hazaliwi nayo namna hii. Mtindio wa ubongo pia ni habari nyingine, kwani huko shida iko kwenye ubongo, hapa iko kati ya shingo na kwapa. Akili ya mtoto huyu haijaguswa na jeraha hili. Namwambia kila mama, kwa sababu kuna majirani wanaojumlisha.

Ila angalia hili: kama mkono ulikuwa unacheza vizuri tangu kuzaliwa, halafu ukaacha ghafla baada ya siku au wiki, na mtoto ana homa au analia ukimgusa, usiniletee mimi. Hiyo inaweza kuwa maambukizi kwenye kiungo au mfupa. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Nyumbani nifanye nini?

Siku saba hadi kumi za kwanza mkono unapumzishwa, hasa kukiwa na uvimbe au mfupa uliovunjika. Baada ya hapo mazoezi huanza, na mwalimu wake ni wewe. Mimi ninamwona mtoto nusu saa kila baada ya wiki mbili. Wewe unambadilisha nepi mara nane kwa siku.

Kwa hiyo tunafunga zoezi kwenye nepi. Mlaze chali mtoto aliyeshiba. Bana kiwiko chake ubavuni, kikunje mpaka kigasha kielekee dari, halafu kigeuze taratibu kwenda nje, kama mlango unaofunguka. Ukifika mahali panapokataa, simama hapo, hesabu mpaka kumi polepole, rudisha. Mara tatu au nne zinatosha. Hili ndilo zoezi ninaloligombania kuliko yote, kwa sababu bega la watoto hawa hupenda kujifunga kwa ndani, na likijifunga mapema hata mfupa wake hukua vibaya. Neva inaweza kurudi ikakuta bega halifunguki. Mengine, kuinua mkono huku umeshikilia kombe la bega lisifuate, kunyoosha kiwiko, kugeuza kiganja na kufungua vidole, nitakuonyesha kwa mkono wako juu ya wangu.

Mtoto akigutuka au kukunja uso, punguza. Akilia kila unapoligusa bega hata baada ya wiki tatu, acha na urudi tuangalie.

Unapomvisha, anza na mkono mgonjwa. Unapomvua, maliza nao. Usimwinue kwa kumshika makwapani mkono ukaning'inia, na usimvute kwa mkono huo hata akiwa mkubwa. Mgongoni beba, sina ugomvi na mbeleko, ila mkono uwekwe umekunjwa mbele ya kifua chake, usitokeze nje ya kanga. Akianza kushika vitu, viweke upande mgonjwa. Zungumza naye ukiwa upande huo. Mtoto husahau kwamba ana mkono wa pili kama hakumbushwi.

Bibi yake anataka kumkanda kwa maji ya moto.

Shikamoo bibi. Mikono yenye joto na mafuta kidogo ni mizuri, endelea. Maji ya moto hapana: ngozi ya mkono huu inaweza kuwa haisikii, na nimeona malengelenge kwa mtoto ambaye hakulia hata kidogo wakati akiungua. Kwa sababu hiyo hiyo, akianza kutambaa angalia jiko la mkaa na kikombe cha uji, na angalia vidole kama anaving'ata. Dawa za kuchua za watu wazima, chale begani na kuvuta mkono "uingie mahali pake" vyote hapana. Haukutoka mahali pake.

Upasuaji unafanya nini, na unaleta mkono mzima?

Daktari huondoa kovu na kuweka kiraka cha neva, mara nyingi kinachochukuliwa kwenye kigimbi, ambako kinaacha ganzi ndogo pembeni mwa unyayo. Au huazima tawi la neva iliyo nzima na kulielekeza kwenye msuli usio na neva. Baada ya hapo ni kusubiri tena, miezi sita hadi mwaka kabla ya kuona kitu, kwa ule mwendo wa milimita moja. Mkono uliofanyiwa upasuaji hauwi kama uliozaliwa mzima. Lengo ni mkono unaosaidia: unaofika mdomoni, unaoshikilia sahani wakati mwenzake anaosha.

Kwa watoto wakubwa kidogo kuna upasuaji mwingine, wa kuhamisha kano begani au kugeuza mfupa wa mkono ili kiganja kifike usoni. Huo hautegemei neva kuota, ndiyo maana bado una nafasi baadaye. Madaktari wa upasuaji wa neva kwa watoto ni wachache nchini, kwa hiyo jiandae kwamba rufaa inaweza kukupeleka mbali na nyumbani.

Mkunga alimvuta mtoto wangu?

Huenda. Na huenda hakuwa na la kufanya. Bega likikwama, mtoto hana hewa na mkunga ana dakika chache. Atakukunjisha magoti hadi kifuani, mwenzake atabonyeza juu ya kinena, watajaribu kuutoa mkono wa nyuma. Wakati mwingine neva huvutwa na nguvu ya uchungu wenyewe, na wachache wameumia hata kwa waliozaliwa kwa operesheni. Uzito wa zaidi ya kilo nne, kisukari cha mama na kuvutwa kwa vakamu huongeza hatari, lakini akina mama wengi ninaowaona hawakuwa na dalili yoyote kabla.

Una haki ya kuuliza na kuandikiwa kilichotokea. Kinachonisumbua zaidi ni pale baba anapoketi benchini na kusema mke wake "hakusukuma vizuri". Hakuna kusukuma vibaya kunakoumiza neva za shingo. Mama hakufanya kosa.

Ataandika? Atacheza? Ataoa au kuolewa?

Ndiyo kwa yote. Kutambaa wengine huruka, wanasota kwa makalio mpaka siku wanasimama. Kutembea wanatembea.

Kwenye kuandika nina la kusema. Kiswahili kimeupa mkono wa kulia jina kutokana na kula, na kwa mtoto huyu mara nyingi ni ule wa kulia hasa usiofika mdomoni. Atakula kwa kushoto, ataandika kwa kushoto, atapokea kwa kushoto. Halafu ataambiwa hana adabu. Nilikuwa na kijana wa darasa la pili, kutoka vijiji vya juu huko, aliyekuwa anachapwa vidole na mwalimu kwa kushika penseli "vibaya", na nyumbani babu alikuwa hapokei kikombe kutoka kwake. Mazoezi yake yalikuwa yanakwenda vizuri. Alichokuwa anakosa ni watu wazima wawili kuambiwa. Tuliandika barua moja kwa mwalimu. Kwa babu alikwenda baba mwenyewe. Siku hizi kijana anapokea kwa mikono yote miwili, wa kushoto ukibeba na wa kulia ukigusa, na hiyo kwa mila zetu ni heshima kuliko mkono mmoja.

Kwa hiyo nenda shuleni kabla ya siku ya kwanza. Mweleze mwalimu kwamba mkono wa kushoto ndio wake wa kuandikia. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamlinda dhidi ya kubaguliwa shuleni, ila maneno mawili ya mzazi mlangoni hufika haraka kuliko sheria.

Mkono utakuwa mdogo?

Kama hakupona kabisa, mara nyingi utakuwa mfupi na mwembamba kidogo kuliko mwenzake. Mashati yatakuonyesha kabla ya rula.

Wa kwangu mkono ni mzima, ila uso unapinda akilia.

Hiyo ni neva ya uso, imebanwa wakati wa kuzaliwa. Nyingi hurudi ndani ya wiki chache. Jicho lisilofumba ndilo la kushughulikia: mwombe daktari dawa ya kulilainisha lisikauke.

Ana miaka minne. Tumechelewa?

Kwa neva, ndiyo; baada ya miaka miwili hatutarajii zirudishe kitu kikubwa. Kwa mkono, hapana. Bega lililojifunga linaweza kupimwa, upasuaji wa kano upo, na mtaalamu wa tiba kazi atamfundisha kufunga vifungo na kuchana nywele kwa namna yake. Njoo tu.

Tuende wapi, na itagharimu kiasi gani?

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa: Mawenzi kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha. KCMC ni ya kanda, ipo tangu 1971, na hapo hapo hufundishwa wataalamu wa mazoezi tiba na tiba kazi. TATCOT, wanapofundishwa mafundi wa vifaa vya kuegemeza viungo, nao wako eneo hilo. Kwa sera ya nchi, mtoto wa chini ya miaka mitano husamehewa gharama kwenye vituo vya serikali. Ukikwama na bili, tafuta ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kuuza mbuzi. Kinachowashinda wengi ni nauli, hasa wa Rombo na Longido. Sema ukweli juu ya nauli siku ya kwanza. Nitakupangia mara moja kwa mwezi na kukufundisha zaidi, kuliko uahidi kila wiki halafu upotee.

Mimba ijayo je?

Sema hudhurio la kwanza kabisa kliniki: "Mtoto wangu aliyepita bega lilikwama." Likishatokea mara moja, uwezekano wa kurudia huwa juu kuliko kwa mama mwingine. Omba upimwe sukari, na panga kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kama ni operesheni au kawaida mtaamua na daktari, kwa kuangalia ukubwa wa mtoto.

Siku ya kwanza tulete nini?

Kadi ya kliniki, karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodi ya wazazi yenye uzito aliozaliwa nao, na picha ya eksirei kama ilipigwa. Leta kanga nyepesi, na biskuti kama ameshaanza kula. Mnyonyeshe kwanza, mtoto mwenye njaa hapimiki. Na kama anayeshinda naye ni bibi au dada wa kazi, njoo naye. Huyo ndiye tutamfundisha kwanza.